Dakika Nane za Bi Sauti

Kabla hatujamshusha kaburini, hebu mwoneni kwanza akiwasili. Ni saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Jumanne ya tarehe 27 Februari 2018, kuna manyunyu. Mwanamke mfupi mwenye viatu bapa na miwani iliyoingia ukungu anapita getini mwa shule ya msingi, mkononi ana sweta la mtoto. Hakuitwa. Hakuja kugombana na mtu. Binti yake alisahau sweta kwenye kiti cha jikoni, na yeye amelileta, basi. Anapita mbele ya madarasa akihesabu milango, na kabla hajaufikia mlango wa darasa la tatu anamwona mtoto wake. Yuko nje kwenye ujia, dawati limegeuziwa ukuta, ndoo moja ya kupigia deki kulia, nyingine kushoto.

"Umetolewa nje leo? Umefanya nini?"

"Leo? Hapana, mama. Hapa ndipo ninapokaa."

Tangu lini? Tangu muhula ulipofunguliwa. Wiki saba. Mtoto wa miaka minane alikuwa akisomeshwa na ukuta, na kila jioni alipoulizwa shuleni kulikuwaje alijibu "kuzuri", kwa sababu alidhani kila shule ina mtoto wake wa kukaa na ndoo.

Tumeanza na siku hiyo kabla ya kuzaliwa kwake kwa sababu mwenyewe alitaka hivyo. Siku tisa kabla ya kufariki, akiwa wodini, alimwambia mdogo wake wa kike: "Mkisoma habari zangu msiwadanganye watu kwamba nilikuwa mpole. Semeni nilikuwa na hasira, na semeni ya nini." Mdogo wake akamwambia, "Dada, pale ni msibani, watu watanuna." Naye akajibu, "Wanune. Mimi sitakuwepo kuwabembeleza." Basi tunatii.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 18 Machi 1979, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, seremala, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Hakusema neno mpaka alipotimiza miaka mitatu na miezi miwili. Majirani wakashauri apelekwe hapa, apelekwe pale. Mama yake, ambaye leo yuko nasi, alikuwa akiwajibu, "Mwacheni, anakusanya." Siku alipofungua kinywa hakuanza na "mama" wala "maji". Alimwambia baba yake, "Huo ubao umeupindisha." Baba akapima, akakuta ni kweli. Tangu siku hiyo hakunyamaza tena, na mama yake anasema wakati mwingine alijuta kumwombea aseme.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, na sekondari kuanzia 1993 hadi 1996. Ripoti zake zote zimehifadhiwa, na karibu kila moja ina maneno yale yale: ametulia, ni mtulivu, mfano kwa wenzake. Alipokuwa mtu mzima alizisoma ripoti hizo huku akicheka kwa uchungu. "Nilikuwa nimekaa nikiota ndoto zangu," alisema. "Miaka mitano ya hesabu sikusikia kitu, lakini kwa kuwa makalio yangu yalikuwa kwenye kiti, nikaitwa mwanafunzi bora. Mwanangu akili yake inatoka na miguu inatoka nayo, ndiyo tofauti yetu. Mimi nilizawadiwa madaftari, yeye kapewa ndoo."

Mwaka 1998 alisomea kazi ya opereta wa simu kwa miezi tisa, na tarehe 1 Februari 1999 akaajiriwa katika swichibodi ya hospitali kubwa. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kina feni moja na kiti chenye mto alioushona mwenyewe. Huko ndiko alikopata jina la Bi Sauti, maana wauguzi, madaktari na wagonjwa waliijua sauti yake kwa miaka mingi bila kuiona sura yake. Kazi ile ilimfundisha mambo matatu, na tunaomba myashike, kwa sababu ndiyo yaliyokuja kumlea mtoto. Kwanza, mtu anayepiga simu hana muda: msikilize sasa hivi, kwa ufupi, kisha umuunganishe. Pili, ukipewa ujumbe, urudishe kwa aliyekupa kwa maneno yako mwenyewe ili ajue kweli umeupata. Tatu, simu ikikatika usimlaumu mtu. Piga tena.

Na huko ndiko alikompata mume. Tarehe 9 Agosti 2001 simu ya ndani ya lifti ililia. Bi Sauti akapokea.

"Swichibodi, nikusaidie nini?"

"Nimekwama kwenye lifti, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu."

"Pole sana. Usiogope. Ngoja nikuitie fundi wa lifti."

Sauti ya chini kabisa ikasema, "Fundi wa lifti ndiye mimi."

Alicheka mpaka waliokuwa wakisubiri kwenye laini nyingine wakamsikia. Halafu akakaa naye kwenye simu dakika arobaini, akiwaunganisha wapigaji wengine kila alipomwambia "usikate, nakuja," hadi mwenzake alipofika na ufunguo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 2002. Fundi anasema mpaka leo hajawahi kutoka kwenye lifti ile, na kwamba alikuwa ametulia humo vizuri sana.

Mtoto wao mmoja, binti, alizaliwa tarehe 3 Juni 2009 baada ya kungojewa kwa zaidi ya miaka sita. Nyumbani wakamwita Cheche. Mnamjua. Ni yule ambaye akiingia chumbani kila kitu kinaguswa: swichi, pazia, kifuniko cha sufuria, sikio la mgeni. Ukimtuma chumvi anarudi na bisibisi na habari ndefu ya jinsi alivyoikuta. Daktari wa watoto alimpima Novemba 2017, akaandika barua ya ukurasa mmoja: mtoto huyu ana akili nzuri, ana shida ya kushikilia umakini kwa muda mrefu, hii si utundu wala malezi mabovu, apewe kazi fupi fupi, aruhusiwe kusimama na kutembea, asiadhibiwe kwa hilo. Bi Sauti aliipeleka barua hiyo shuleni kwa mkono wake, akampa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akasema, "Tutaifanyia kazi."

Turudi sasa kwenye ile Jumanne ya sweta. Marehemu alimshika Cheche mkono, wakaingia ofisini.

"Mama, karibu ukae," mwalimu mkuu akasema. "Mtoto wako, samahani niseme tu ukweli, ana feni kichwani. Haizimiki. Anasumbua wenzake arobaini."

"Feni humpoza mtu, mwalimu. Nyie mnamchoma. Barua ya daktari iko wapi?"

Mwalimu mkuu akafungua droo moja, akafungua ya pili, akapekua faili. Cheche, ambaye wakubwa wakiongea macho yake hutembea kila pembe, akainama, akanyoosha kidole. Meza ya mwalimu mkuu ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Chini ya mguu huo palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye nembo ya hospitali.

Bi Sauti alipiga magoti, akainua meza kwa bega, akaitoa barua, akaipangusa kwa sweta. Meza ikayumba, chai ikamwagika. Hakuomba radhi. Wale waliowahi kumsikia kwenye simu wanaijua sauti aliyotumia, ile ya kumwambia daktari wa zamu kwamba hata kama amechoka, mgonjwa anakufa. Alisema, "Hiyo kazi mliyosema mtaifanya, nimeiona. Kuanzia leo nitaifanya mwenyewe." Akaondoka na mtoto, na barua, na sweta lililolowa chai. Mwisho wa mwezi wa tatu akaacha kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa.

Tuseme kweli hapa mbele yake: hatukumuunga mkono. Hasira yake ilikuwa na anwani nyingi, na yetu imo. Mume wake alinung'unika wiki tatu. Wifi yake alisema ameanza kuchanganyikiwa. Kaka yake mkubwa alifika nyumbani, akaketi jikoni, akashuhudia somo moja tangu mwanzo hadi mwisho, akatazama saa.

"Hii ndiyo shule? Dakika nane? Hata chai haijachemka!"

"Na wewe kaka ulikaa darasani miaka kumi na mmoja bila kunyanyuka," akamjibu. "Umetoka na nini? Kukosoa watu jikoni mwao."

Shule ile ilikuwa meza ya jikoni, mlango wa uani uliokuwa wazi daima, na nje tangi jeusi la maji. Somo liliitwa simu. Bi Sauti alinunua mitumbani mkono wa simu ya zamani usiounganishwa na chochote, akauweka mezani. Saa mbili kamili asubuhi aliugonga kwa kijiko.

"Trrn, trrn!"

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Hesabu hapa. Nina sehemu tatu kwa nane, natafuta nusu yake. Mna nafasi ya kunisikiliza?"

"Mwambie Hesabu nipo, lakini asiongee sana."

Dakika nane. Mwishoni Cheche alirudisha ujumbe kwa maneno yake mwenyewe, na simu ikawekwa chini. Ikiwa kichwa kimejaa kabla ya muda, alikuwa na haki ya kukata: aweke penseli, atoke uani, azunguke tangi mara tatu, arudi. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Akirudi, simu inapigwa tena pale pale ilipokatikia. Na hata siku mtoto alipokuwa amekolea, anataka kuendelea, dakika ya nane mama aliikata. Cheche alilalamika, "Mama, bado!" Naye akamwambia, "Ndiyo maana nakata. Nataka kesho uje ukiwa na njaa."

Kila simu iliandikwa kwenye daftari kubwa lenye mistari aliyoichora kwa rula, kama lile la swichibodi: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, habari, aliyekata. Siku ya kwanza zilipigwa simu kumi na nne. Cheche alikata zote. Iliyodumu zaidi ilikuwa ya dakika mbili. Baada ya wiki sita alikuwa akifika dakika tano. Baada ya miezi minne zilikuwa nane, simu kumi na mbili kwa siku, na mezani hapakuwa na machozi. Alisoma kwa ufasaha akiwa na miaka tisa. Akiwa na kumi na mmoja alikuwa amemaliza vitabu vyote vya ufundi vya baba yake, na alimwuliza baba mezani kwa nini hospitali ile bado inatumia breki za lifti za aina ya zamani, swali lililomnyima fundi usingizi hadi aliporudi na jibu. Mwanzoni mwa mwaka huu, katika mitihani ya miaka iliyopita ambayo mama yake alimpa jikoni, vipande vya dakika nane, alipata wastani wa sabini na nane kwa mia. Huyu ndiye aliyekuwa na ndoo.

Lakini cheti hakitolewi jikoni. Ili Cheche asajiliwe kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi kama mtahiniwa wa nje, ilibidi akaguliwe. Mkaguzi alikuja nyumbani Jumanne, tarehe 14 Machi mwaka huu, saa tatu asubuhi, mtu msafi, na mkoba, na fomu. Bi Sauti alikuwa amefua pazia. Alikuwa amepanga madaftari yote matano ya simu juu ya meza. Alimweleza mkaguzi kila kitu, isipokuwa jambo moja, na jambo hilo ndilo aliloagiza liandikwe hapa bila kupambwa.

Mkaguzi aliuliza kwa mdomo. Maswali mawili Cheche akajibu papo hapo. La tatu likawa hili: mafundi sita wanajenga ukuta kwa siku kumi, je, mafundi kumi na watano watatumia siku ngapi? Cheche akakunja uso. Akaweka penseli. Akanyanyuka, akatoka nje.

"Anakwenda wapi?" mkaguzi akauliza.

"Anafikiri," Bi Sauti akasema.

"Kwa miguu?"

"Ndiyo. Atarudi."

"Mama, nimeuliza swali, mtoto ameondoka. Sijamruhusu."

Na hapo ndipo marehemu alipogundua kosa lake. Katika nyumba ile, kwa miaka mitano, kutoka nje katikati ya swali lilikuwa jambo la kawaida kama kukohoa. Alisahau kabisa kwamba duniani kwingine mtu haondoki. Hakumwambia mkaguzi mapema, na hakumwonya mtoto kwamba mgeni huyu haijui sheria ya nyumba. Alianza kueleza haraka haraka, tangi, swichibodi, haki ya kukata, na kadiri alivyoeleza ndivyo yule bwana alivyozidi kuandika. Dirishani walimwona Cheche akizunguka tangi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, midomo ikicheza.

Akarudi, akaketi, akashika penseli. "Ni siku nne."

"Swali limeshafungwa," mkaguzi akasema.

"Lakini ni siku nne."

"Nimekwambia limefungwa."

"Kwani baada ya kufungwa zinakuwa siku ngapi?"

Hakuwa akifanya kiburi. Alitaka kujua. Mkaguzi akafunga kalamu. Ripoti yake ilifika baada ya siku tisa, na mstari wake wa mwisho tunaunukuu: "Mtoto aliondoka chumbani bila ruhusa na hakujibu swali la tatu. Hana uwezo wa kukaa katika chumba cha mtihani. Hafai kusajiliwa." Jibu sahihi lilitamkwa mara mbili mbele ya mtu huyu. Halimo. Ameandika "hakujibu". Mtu mzima, mwenye mshahara na mkoba, aliona ni heri aandike uongo kuliko akubali kwamba ukweli umechelewa dakika nne.

Marehemu aliandika barua nne: tarehe 27 Machi, 24 Aprili, 12 Juni na 31 Julai. Hakuomba upendeleo. Aliomba mtoto akaguliwe upya, na aruhusiwe kusimama na kutembea kila baada ya dakika nane akiwa kwenye mtihani, kama daktari alivyoelekeza. Barua ya daktari aliiambatanisha kila mara, pamoja na mikunjo yake minne. Barua tatu hazikujibiwa. Wakati huo alikuwa tayari mgonjwa.

Miguu ilianza kuvimba Oktoba mwaka jana. Ikaonekana figo zote mbili zimechoka, na kuanzia Aprili alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alipanga masomo yakwepe siku za kliniki. Jumamosi, tarehe 2 Septemba, saa saba mchana, alianguka jikoni. Mume wake alipiga simu katika hospitali ile ile. Swichibodi iliondolewa mwaka 2020, na chumba chini ya ngazi sasa kinawekwa mifagio. Sauti ya mashine ikamwambia abonyeze moja kwa miadi, mbili kwa malipo, tatu kwa maelezo. Alibonyeza kila kitu kwa dakika kumi na moja. Bi Sauti alikuwa amelala sakafuni akisikiliza, yeye ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumwacha mtu hewani hata dakika moja. Mwishowe akasema, "Kata. Hamna mtu humo." Jirani mwenye gari ndiye aliyewapeleka.

Wodini hakuacha kufundisha. Kila asubuhi saa mbili alipiga simu nyumbani, safari hii simu ya kweli, na Cheche akapokea jikoni na kuandika kwenye daftari kwa mkono wake. Muuguzi wa zamu alimwambia, "Mama, pumzika, huyo mtoto yuko likizo." Akamjibu, "Likizo ya nani? Mimi namdai rasi na visiwa."

Ijumaa, tarehe 8 Septemba, jibu likaja. Mstari mmoja na nusu. Mtoto afike ofisi ya elimu siku ya Alhamisi, tarehe 21 Septemba, saa tatu kamili asubuhi, kwa ukaguzi wa pili na wa mwisho, akiongozana na anayemfundisha. Bi Sauti aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Anayemfundisha," alisema. Kisha akamwambia mdogo wake, "Safari hii mkaguzi aelezwe kabla. Kabla hata hajakaa. Mtu amwambie: huyu mtoto atatoka nje, na atarudi na jibu. Msiposema hilo, mmemuua."

Simu ya mwisho iliandikwa Jumatatu, tarehe 11 Septemba. Saa mbili na dakika tano hadi saa mbili na dakika tisa. Habari: mito na vyanzo vyake. Kwenye mstari wa aliyekata, Cheche ameandika: mama.

Alifariki siku iliyofuata, Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, saa tisa na robo alasiri, mume wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Tungependa kuishia hapo, lakini yeye asingekubali. Jumatano, mwili ukiwa bado hospitalini, tulikaa kikao cha familia. Ajenda ya kwanza ilikuwa viti na turubai. Ya pili ilikuwa Cheche. Kaka mkubwa alisema, "Sasa huu mchezo wa jikoni uishe. Baba yake anatoka kazini jioni, nani atamkalia? Apelekwe shule ya bweni, akapate nidhamu, akae na wenzake." Kaka yupo hapa, mstari wa mbele. Ameonyeshwa maneno haya kabla hayajachapwa, akasema, "Someni. Niliyasema." Na hakuwa peke yake. Wengi tulitikisa vichwa tukikubali, tukiwa tumeshika vikombe vya chai ya marehemu. Fundi aliangalia viatu vyake.

Cheche alikuwa mlangoni. Hakulia. Aliuliza, "Huko bwenini, mtu akitaka kufikiri anaruhusiwa kutoka nje?"

Tulikuwa watu kumi na saba mle ndani, wenye elimu zetu, tuliokaa darasani bila kunyanyuka, na swali la mtoto wa miaka kumi na minne likatushinda sote. Wifi akamwambia aende akaangalie kama maji yamechemka. Akaenda. Na sisi tukarudi kwenye turubai.

Hiyo ndiyo hasira aliyotuachia, na msidhani inaelekezwa kwa mwalimu mkuu na mkaguzi peke yao. Wao walimtoa mtoto darasani na kumfuta kwenye fomu. Sisi tulikuwa tunamfuta kwenye maisha ya mama yake siku moja tu baada ya mama kufa, na tuliita hiyo ni busara. Mafundisho ya miaka mitano na nusu, madaftari sita, simu zaidi ya elfu kumi na tatu zilizoandikwa moja moja, tulizitupa kwa kutikisa kichwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kulifungua daftari lolote.

Marehemu ameacha mume, fundi wa lifti, binti mmoja, Cheche, mama mzazi, kaka mkubwa, mdogo wake wa kike, wifi wawili, na watoto wa ndugu wanane. Baba yake, seremala, alitangulia mwaka 2011. Ameacha pia idadi isiyojulikana ya watu waliomsikia wakiwa na hofu, wakaunganishwa, wakapona, na hawatajua kwamba leo tunamzika.

Alale salama Bi Sauti. Alale, maana amechoka kusema. Hatutamwambia apumzike kwa amani kwa midomo tu, kwa sababu amani yake iko mikononi mwetu mpaka wiki ijayo.

Na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mazungumzo yapite dakika nane, na sisi tumezidisha, tunafunga kwa jambo moja. Leo ni Ijumaa. Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi, karani wa ofisi ya elimu atafungua mlango, atamtazama Cheche, kisha atatazama nyuma yake na kuuliza anayemfundisha yuko wapi. Katika sisi wote tuliosimama hapa, ni nani atakayeitika?